Nyumba Mbele ya Kamera: Mtu wa Kujitolea na Fundi katika Kibaha na Kisarawe

Miongoni mwa mambo ambayo televisheni imeyaingiza katika maisha yetu bila ya sisi kuyatolea hesabu, liko hili la kuwakutanisha watu wa kujitolea na mafundi wa ujenzi katika kiwanja kimoja, kuwapa siku za kuhesabika, kusimamisha kamera mbele yao, na kuwataka wamwinulie mtu mmoja mnyonge nyumba ambayo maelfu ya watazamaji wataiona ikitoka katika msingi hata ikafika paa, kisha wamwone mwenyewe akikabidhiwa ufunguo na machozi yakimlengalenga. Jambo hili lina asili yake katika nchi za ng'ambo, lakini kwetu limekwisha kupiga hodi na kukaribishwa. Si ajabu siku hizi kuona chombo cha habari, cha hewani au cha mtandaoni, kikionyesha kikongwe anayelala katika kibanda kilichoinama, na baada ya muda kikaonyesha mchanga na mifuko ya saruji ikishushwa mlangoni pake. Walio wengi hulisifu kwa kuwa ni jema, na wachache hulilaumu kwa kuwa ni la maonyesho. Walakini sifa na lawama zote mbili husimama nje ya kiwanja. Swali linalostahili kuulizwa, kwa rai yangu, limo ndani ya kiwanja chenyewe: baina ya yule aliyekuja kwa hiari yake na yule aliyekuja na ujuzi wake, nani amfuate mwenziwe, na saa ya kazi ishikwe na nani?

Kulijibu swali hili sharti mtu asimame mahali, maana ujenzi si jambo la angani. Nasimama Kibaha na Kisarawe, wilaya za Mkoa wa Pwani zinazopakana na Dar es Salaam. Kibaha, makao makuu ya mkoa, iko juu ya barabara kuu iendayo Morogoro, na Kisarawe iko nyuma ya vilima vya Pugu, katika ardhi ya Wazaramo, tangu misitu ya Kazimzumbwi hata Maneromango na ng'ambo yake. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,098,668 katika mkoa huu, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 2,024,947. Yaani katika muda wa miaka kumi watu wamekaribia kuwa maradufu, na wote hao wanataka paa juu ya vichwa vyao. Apitaye Mailimoja, Picha ya Ndege au Visiga huona pande zote za njia kile ambacho watu hukiita boma: kuta za matofali zilizofika kwenye renta na kukoma hapo, majani yakiota mahali palipokusudiwa kuwa sebule. Mgeni huenda akadhani kuwa wenyewe wamekata tamaa. La, hasha, wengi wao wanaendelea kujenga, ila wanajenga kwa mwendo wa kipato chao, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na bati siku Mungu akipenda, kwa kuwa mikopo ya nyumba haiwafikii na akiba yao ya pekee isiyoliwa na haja za kila siku ni tofali lililokwisha kulazwa. Katika mazingira ya namna hii, habari ya nyumba iliyokamilika kwa juma moja mbele ya kamera humfikia mtazamaji kwa nguvu isiyo kifani, na kwa hiyo madhara yake, kama yapo, huwa na nguvu ile ile.

Kabla ya saruji kuenea, watu wa Pwani walikuwa na namna yao ya kujenga kwa wingi na kwa haraka, na namna hiyo ilikuwa imekwisha kulitatua swali la fundi na mtu wa kujitolea pasipo kelele. Nyumba ya miti na udongo husimama kwa kazi za aina mbili. Ziko kazi chache zinazotaka jicho la mjuzi: kuchagua miti isiyoliwa upesi na mchwa, kupima pembe, kusimika nguzo, kulaza mwamba, kushusha makombamoyo kwa mwinamo utakaomwaga maji ya masika pasipo kuyaacha yakae. Na ziko kazi nyingi ambazo kila mtu mzima wa kijijini alizijua tangu utoto: kukata fito na kuzifunga, kuchota maji, kukanda udongo kwa miguu, kukandika kiambaza, kusuka makuti na kuyapitisha juu. Mjuzi, aghalabu mzee mmoja au wawili, alisimamia zile chache. Umma ukamaliza zile nyingi. Mwenye nyumba akapika, wakala, wakatawanyika. Hapakuwa na mtu aliyesimama kiwanjani asijue la kufanya kwa mikono yake, na hapakuwa na mtu aliyeona haya kuamrishwa na mzee wa kazi, kwa sababu kesho yake zamu ya kujengewa ingekuwa ya mwingine. Kwa nyumba ya namna hii ujenzi wa siku chache haukuwa muujiza. Vifaa vyenyewe viliukubali: udongo hukauka kwa jua, na ukipasuka hutomewa tena bila ya gharama.

Vifaa vikabadilika. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kazi katika mwaka 1966, bati likawa alama ya maendeleo, na heshima ya nyumba ikahama kutoka katika mti na makuti kwenda katika tofali na saruji. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili na lilimkera. Katika tathmini yake ya mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliwalaumu watu kwa kung'ang'ania saruji na bati na kukaa wakivisubiri, hali udongo wa kuchoma na vigae vingeweza kupatikana pale pale walipo. Lawama hiyo ilikuwa na haki yake, lakini mapenzi ya watu hayakugeuka, nami siwezi kuwalaumu sana, maana aliyeezua na kuezeka makuti yaliyooza maisha yake yote anajua kwa nini analitaka bati. Lililo muhimu kwa hoja yetu ni hili: pamoja na saruji, uwiano wa kazi uligeuka juu chini. Zile kazi zinazotaka mjuzi zikawa nyingi, na zile za kila mtu zikawa chache. Kupanga kozi za tofali kwa timazi na pima maji, kusuka nondo, kupima uwiano wa mchanga na kokoto katika zege, kusimamisha kenchi na kupaua, hizi si kazi za mtu aliyekuja asubuhi kwa moyo safi na viatu vyeupe. Mtu huyo sasa amekuwa saidia fundi: huchota maji, husogeza tofali, hukoroga zege kwa amri ya mwingine. Ni kazi ya heshima, na bila yake fundi hawezi kitu. Lakini ni kazi ya kutii.

Na saruji ina sharia yake isiyojali ratiba ya mtayarishaji wa kipindi. Zege na tofali la saruji hupata nguvu kwa maji na kwa muda: hutakiwa kumwagiliwa walau siku saba za mwanzo, na wahandisi huhesabu siku 28 ndipo waipime nguvu iliyokusudiwa. Tofali lililofyatuliwa jana na kulazwa leo chini ya jua la Kisarawe hukauka kabla halijakomaa, na nyumba iliyojengwa kwa tofali la namna hiyo itapendeza siku ya kukabidhiwa na kuanza kupasuka baadaye, wakati kamera imekwisha kuhamia kwa mwingine. Fauka ya hayo, maji yenyewe ni gharama. Mji wa Kisarawe ulipata mradi wake mkubwa wa maji ya bomba, yatokayo Kibamba, katika mwaka 2020 tu. Na katika vijiji vya mbali na mji, ambako maji hufuatwa kwa ndoo, kumwagilia ukuta kwa juma zima ni kazi nzito kuliko kuujenga. Hapa basi ndipo mahali pa mtu wa kujitolea palipo adimu na pa thamani, napo hapaonyeshwi kamwe, kwa kuwa mwanamke abebaye ndoo ya kumwagilia msingi asubuhi na jioni kwa siku saba mfululizo hafanyi sura nzuri ya kipindi.

Watazamaji wengi wanaoziona nyumba za siku saba hawaambiwi kwamba kipindi mashuhuri kuliko vyote vya namna hii, Extreme Makeover: Home Edition cha Marekani, kilichoanza kuonyeshwa na ABC mwishoni mwa mwaka 2003, kilijenga katika nchi ambayo nyumba ya kawaida huundwa kwa mbao. Kiunzi cha mbao hukatwa kwa kipimo, huletwa kwa lori, huinuliwa na mamia ya watu usiku na mchana. Hakina siku 28 za kungojea. Kuichukua ratiba ile na kuitia katika nyumba ya tofali ni kuiga mwendo wa mtu pasipo kuwa na miguu yake. Tena hata huko kwao, haraka ile haikuwa bila ya gharama. Familia moja ya jimbo la Georgia iliyojengewa jumba katika mwaka 2005, na watu wa kujitolea wapatao 1,800 wakitajwa kuwa walishiriki, iliingia hatarini kunadiwa nyumba hiyo katika mwaka 2008, baada ya kuiweka rehani kwa mkopo wa dola 450,000. Wengine walielemewa na kodi na gharama za umeme wa majumba makubwa kuliko vipato vyao. Walipewa nyumba ya ukubwa uliopendeza kwenye kioo, hawakupewa nyumba ya ukubwa walioweza kuuhudumia.

Uingereza walishika njia nyingine kidogo. Kipindi cha DIY SOS cha BBC, kilichoanza katika mwaka 1999, kimezoea kuwaita mafundi wenyewe, maseremala, waashi, mafundi bomba na mafundi umeme wa mtaa ule ule, watoe ujuzi wao bure kwa jirani mwenye shida. Na katika mwaka 2015 kikatengeneza mtaa mzima mjini Manchester kwa ajili ya askari wastaafu. Namna hii ina fadhila moja kubwa: anayejitolea ndiye mjuzi, na kwa hiyo hapana mvutano baina ya hisani na ufundi. Lakini tusikimbilie kuileta Kibaha kama ilivyo. Fundi wa Uingereza aliyeacha kazi yake kwa siku tisa ana akiba, ana bima, na huenda akapata wateja wapya kwa kuonekana. Fundi wa Mlandizi au wa Msanga hula kwa kazi ya siku. Kumwomba atoe juma zima bure kwa ajili ya nyumba ya maskini, ilhali mtangazaji, mpiga picha na dereva wa gari la kituo wote wanalipwa, ni kumtoza sadaka mtu ambaye huenda naye anastahili kupewa. Nimeona mara nyingi fikra hii ikipita bila ya kuhojiwa, kwamba kila aliye kiwanjani kwa jambo la kheri afanye bure. Naiona kuwa ni dhuluma iliyovaa kanzu ya wema. Atoaye kwa hiari na atoe. Anayefanya kazi ya ufundi na alipwe ujira wake kamili, na ikiwa atapenda kuurudisha baada ya kuushika mkononi, hiyo ni hiari yake na thawabu yake.

Hapa nchini hatukuanza na televisheni. Kazi ya kujenga mbele ya macho ya taifa ilitangulia kwa picha za magazeti na kwa redio. Katika mwaka 1971 Rais Nyerere alikwenda Chamwino, Dodoma, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji, na picha zake akiwa kazini zinajulikana hata leo. Jambo la kuangaliwa katika habari ile ni kwamba hakwenda kuweka jiwe la msingi na kuondoka. Alishika kazi duni kuliko zote za ujenzi, ile ya udongo, akaifanya pamoja na wenye kazi. Miaka miwili baadaye, 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipitishwa kwa Radio Tanzania, ikawakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kusoma, na baada ya kila somo vikundi vikatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Kwa maoni yangu hakuna mfano bora zaidi katika historia yetu wa chombo cha utangazaji kikifanya kazi pamoja na mikono ya watu. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini choo kilichimbwa kila mahali, wala hakuna aliyehitaji kuonekana ili achimbe. Redio haikuweza kumwonyesha mtu, na udhaifu wake huo ukawa ulinzi.

Televisheni ilichelewa kufika Bara. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo vya binafsi vilipoanza. Katika mwaka 2009 kikaja kipindi cha Maisha Plus, kilichoasisiwa na mchora katuni Masoud Kipanya na wenzake, ambacho kiliwachukua vijana na kuwaweka katika maisha ya kijijini, wakifanya kazi za mikono mbele ya kamera kwa majuma kadhaa. Tangu mwaka 2011 shirika la Oxfam likaanzisha mashindano ya Mama Shujaa wa Chakula, ya kuwatukuza wanawake wakulima, nayo yakaungana na kipindi hicho. Na katika mwaka 2015 washindani waliletwa katika kijiji cha Kisanga, Kisarawe. Nayataja haya, ingawa hayakuwa mashindano ya ujenzi, kwa sababu yalifanya jambo ambalo vipindi vya nyumba vimeshindwa kulifanya: yalimweka mjuzi wa kazi, mwanamke aliyelima miaka yote, katikati ya picha, akizungumza kwa mamlaka juu ya kazi yake, na mfadhili akasimama pembeni. Lau kipindi cha kujenga nyumba kingemfanyia mwashi hivyo, kikamwacha aeleze kwa nini anakataa mchanga huu wenye udongo na anautaka ule, kwa nini msingi wa bondeni hauwi sawa na wa mlimani, kwa nini mfuko mmoja wa saruji usikamuliwe kutoa matofali mengi mno, kingekuwa kimewajengea zaidi watazamaji maelfu ambao nao wana maboma yao nyumbani, kuliko yule mmoja aliyepewa ufunguo.

Ipo pia habari ya harambee. Jokate Mwegelo, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe tangu mwaka 2018 hadi 2021, na ambaye umma ulimjua kwanza kwa urembo na sanaa, aliutumia umaarufu wake kuchangisha fedha na vifaa kwa ajili ya elimu, na shule ya sekondari ya wasichana yenye jina lake imesimama Kisarawe hata leo. Wako waliohoji matumizi ya kamera katika juhudi zile. Mimi naziona kuwa zilikuwa mahali pake, kwa sababu shule ni mali ya watu wote, na kuonyesha upungufu wake hakumvunjii mtu heshima. Mchangiaji akitangazwa, atangazwe, maana ahadi iliyotolewa hadharani ni vigumu kuikana. Nyumba ya mtu ni kitu kingine. Kwa watu wa Pwani nyumba ni sitara: ndani yake familia huficha njaa yake, maradhi yake na magomvi yake, na jirani mwema hupiga hodi na kungoja mlangoni. Kamera inapoingia katika chumba cha bibi kikongwe na kuonyesha godoro lake lililochakaa na sufuria zake zilizotoboka, humtoa mtu huyo sitara aliyokuwa nayo ili apewe nyingine, na haimwulizi kama biashara hiyo anaiona kuwa ya haki. Dini zetu zote kubwa zinamsifu mtoaji anayeficha mkono wake. Katiba yetu, katika ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu heshima ya faragha yake na ya unyumba wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka ridhaa kuwa jambo la kuombwa, si la kudhaniwa. Lakini ridhaa ya mtu anayenyeshewa ni ridhaa gani? Aliyeambiwa kwamba nyumba ipo ikiwa picha zipo atasema ndiyo kwa kila kitu. Ridhaa ya kweli huanza pale anapohakikishiwa kwamba atajengewa hata akikataa kuonyeshwa.

Tukija katika kiwanja cha kujengea, mambo huzidi kuwa magumu, na hapa ndipo hisani nyingi zimeharibika. Bibi huyo anaweza kuwa anaishi katika ardhi ya marehemu mumewe, ambayo mirathi yake haijagawanywa. Au katika ardhi ya ukoo, ambayo jana ilikuwa shamba la mihogo lisilo na mgombeaji, na leo, kwa kuwa jiji linasogea, inatakwa na madalali. Ukiinua juu yake nyumba ya bati na vioo, umeongeza thamani ya ugomvi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa njia ya hati ya hakimiliki ya kimila, na serikali ya kijiji ndiyo mlango wake. Kazi hiyo ya karatasi, ya kuwaita warithi, kuandika mipaka na kutia sahihi, yapasa itangulie tofali la kwanza. Haina mvuto wa picha hata kidogo. Ndiyo maana nasema kwamba atakayetaka kujua ubora wa mradi wa namna hii asitazame siku ya kwanza wala siku ya mwisho, ambazo kamera huzipenda. Atazame katikati, katika hati, katika kumwagilia, katika kupaua, katika choo kilichochimbwa au kilichosahauliwa.

Miradi iliyoijali katikati hiyo ipo, na mmoja uko Kibaha kwenyewe. Mradi wa Tanganyika na mataifa ya Nordic, ulioanza katika mwaka 1963, ulijenga pale shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Wageni walikuja na fedha na ujuzi, lakini walikaa miaka, wakawafundisha wenyeji watakaoshika nafasi zao, na tarehe 10 Januari 1970 wakaukabidhi kwa serikali yetu, ukawa Shirika la Elimu Kibaha, ambalo lingali hai. Makabidhiano yale hayakuwa ya ufunguo peke yake. Mwingine uko kusini, Mtwara, ambako nyumba 110 za muundo mpya, zenye ghorofa moja ya juu kwa kulala na kuta zinazopitisha hewa, zilijengwa vijijini hadi mwaka 2021. Familia zilipatikana kwa bahati nasibu ya wazi, ili asitokee wa kusema kwamba jirani yake amependelewa, na mpango ukawa ni kuifuatilia afya ya watoto wao kwa miaka mitatu, kuona kama malaria, kikohozi na kuhara vimepungua. Na Mmarekani mmoja, Millard Fuller, aliyekaa Mbandaka katika Zaire tangu mwaka 1973 akijenga nyumba na wenyeji kabla ya kurudi kwao na kuanzisha Habitat for Humanity katika mwaka 1976, aliweka sharti kwamba mwenye nyumba naye atie jasho lake na alipe gharama pole pole bila ya riba, ili asiwe mtu wa kutazama tu wakati wengine wakimjengea. Baadaye Rais mstaafu wa Marekani, Carter, akajiunga nao, kamera zikamfuata, lakini sharti likabaki lile lile.

Serikali yetu nayo imejifunza kitu katika jambo la muda. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, ilijenga miongoni mwa mengine madarasa 15,000 nchi nzima kwa miezi michache, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanywa na mafundi wa kawaida wa vijijini na mijini waliopewa kazi moja kwa moja na kamati za shule. Wengi waliofikiri kwamba hawa ni mafundi wa vibanda waliona madarasa yakisimama. Lakini walipewa miezi, wala hawakupewa juma moja, na walilipwa. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo Kibaha na Kisarawe zinavyo, hufundisha uashi na useremala, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi wa fundi aliyejifunza kazi kwa mjomba wake bila ya kukanyaga darasa. Kipindi cha televisheni kikitaka kuacha alama katika wilaya hizi, kingeweza kuwachukua vijana wa vyuo hivyo kuwa ndio watu wake wa kujitolea, wakae na fundi mkuu tangu kuchimba msingi hadi kupiga plasta, na mwisho wa kazi wapimwe, wapewe vyeti. Hapo mtu wa kujitolea angeondoka kiwanjani akiwa fundi, na wilaya ingebaki na nyumba moja na mafundi kumi.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya swali nililoanza nalo ni hii: katika kiwanja cha saruji na tofali, fundi ndiye ashike saa, mtu wa kujitolea amfuate fundi, na kamera iwafuate wote wawili kwa mwendo wao hata ukiwa wa miezi minne. Nawaomba watayarishaji wa vipindi, wadhamini wanaotoa saruji na bati, na waheshimiwa wanaokata utepe, kwamba kabla ya kuingia tena katika kijiji chochote cha Kibaha au Kisarawe waandike mambo matatu katika mkataba wao na familia inayojengewa: ujira wa fundi mkuu na jina lake katika kipindi, hati ya ardhi kwa jina la atakayeishi humo, na tarehe ya kurudi baada ya masika ya kwanza, pamoja na fundi yule yule, kukagua kuta na paa na kurekebisha kilichoharibika kwa gharama yao.